Farumi ya Gridi: Upepo wa Loiyangalani, Giza la Huruma na Istilahi za Kiswahili

Utangulizi

Makala haya yanachunguza nafasi ya umeme wa upepo katika kusawazisha gridi ya taifa ya Kenya na katika msongamano wa laini zinazousafirisha umeme huo. Mjadala wa aina hii kwa kawaida huachiwa wahandisi na wachumi, nao huuendesha kwa Kiingereza. Lakini anayeubeba mzigo wake ni mtu wa mtaani. Katika mtaa wa Huruma, Nairobi, ambako majumba ya kupanga ya ghorofa sita, saba na zaidi yamesimama bega kwa bega, umeme ukikatika si taa tu zinazozimika. Pampu ya kupandisha maji hukoma, kinyozi huacha kichwa nusu, fundi wa kuchomelea vyuma hubaki akitazamana na mteja, maziwa ya mwenye duka huanza kuharibika, na mama aliyebeba mtoto mgongoni huzipanda ngazi kwa kupapasa ukuta. Mtu huyu ana haki ya kujua kilichotokea. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari anazozihitaji ili anufaike nazo, na Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Vifungu hivi viwili vikisomwa pamoja, maelezo kuhusu giza yanapaswa kupatikana kwa Kiswahili kinachoeleweka.

Makala yanashikilia kwamba Kiswahili hakikosi maneno ya kulieleza jambo hili. Mengi yamo tayari, hasa katika msamiati wa mabaharia wa pwani, watu ambao riziki yao yote ilitegemea nguvu isiyoagizika. Kinachokosekana ni mazoea ya kuyatumia. Kwa kuwa istilahi haiwezi kupimwa bila dhana yenyewe kueleweka, sehemu kubwa ya makala inaeleza kwanza gridi ilivyo, kisha inarudi kwenye maneno.

Neno "hitilafu" na usiku wa 25 Agosti 2023

Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, mwendo wa saa 3:45, umeme ulikatika karibu Kenya nzima. Hata Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta uliingia gizani. Kenya Power ilieleza kwamba chanzo kilikuwa kupotea kwa megawati 270 kutoka mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana. Kampuni ya Lake Turkana Wind Power ikajibu kwamba mitambo yake ilijizima yenyewe ili isiharibike, baada ya volteji ya gridi kupanda kupita kiasi. Kwa maneno mengine, mmoja alisema upepo uliiangusha gridi, na mwingine akasema gridi ndiyo iliyoufukuza upepo.

Katika taarifa za habari za Kiswahili, matukio ya namna hii kwa kawaida hufupishwa kuwa "hitilafu ya mitambo". Neno hitilafu, lenye asili ya Kiarabu, lina maana mbili zinazojulikana: dosari katika kitu, na tofauti au kutoelewana baina ya watu. Usiku ule maana zote mbili zilikuwa za kweli. Palikuwa na dosari, na palikuwa na kutoelewana juu ya mwenye dosari. Tatizo la neno hili ni upana wake. Laini iliyoangukiwa na mti ni hitilafu. Transfoma iliyoungua Huruma ni hitilafu. Volteji iliyopanda umbali wa mamia ya kilomita nayo ni hitilafu. Neno linaloeleza kila kitu kwa namna hii halimwachii msikilizaji swali la kuuliza.

Safari ya upepo

Upepo wa Loiyangalani hauna budi kuelezwa kwanza, kwa kuwa ndio kiini cha yote yanayofuata. Baina ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya kuna uwanda ulio kama mlango mwembamba. Upepo utokao kusini-mashariki ukiingia katika mlango huo hubanwa, na unapobanwa huongeza kasi, kama maji ya mto yapitapo baina ya miamba miwili. Baharia wa pwani alizoea upepo ugeukao kwa msimu, kaskazi ikimleta na kusi ikimrudisha. Upepo wa Turkana hauna tabia hiyo. Huvuma kutoka upande mmoja karibu mwaka mzima. Hata hivyo hauvumi sawasawa saa zote. Kwa kawaida hupata nguvu zaidi usiku kuelekea alfajiri, na hulegea mchana. Tabia hiyo ya saa ina uzito mkubwa kuliko inavyodhaniwa.

Kenya ilianza kidogo katika jambo hili. Mitambo miwili ya kwanza iliyounganishwa na gridi ilisimamishwa kwenye vilima vya Ngong mwaka 1993 kwa msaada wa Ubelgiji. Baadaye KenGen iliongeza mingine, na kufikia mwaka 2015 Ngong ilikuwa na megawati 25.5. Loiyangalani ilikuwa hatua ya kimo kingine kabisa: mitambo 365, kila mmoja kilowati 850, jumla yake takriban megawati 310. Mwaka 2021 ikaongezeka Kipeto, Kaunti ya Kajiado, megawati 100.

Mitambo ya Loiyangalani ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini umeme wake haukuingia katika gridi hadi Septemba 2018. Sababu ni laini. Ili kufika Suswa, umeme ule ulihitaji laini ya zaidi ya kilomita 400, iliyojengwa kwa uwezo wa kilovolti 400, na kampuni ya Kihispania iliyopewa kazi hiyo, Isolux Corsán, ilifilisika kabla ya kuimaliza. Kampuni za Kichina ndizo zilizoikamilisha. Kwa miezi mingi mitambo ilisimama mbele ya upepo kama jahazi lililokwisha kutiwa tanga na likaachwa mchangani. Mkataba ulidai malipo hata hivyo, na fidia iliyotokana na ucheleweshaji huo ilikuwa mabilioni ya shilingi. Ikumbukwe pia kwamba ardhi yenyewe ilikuwa na mgogoro: mwaka 2021 mahakama ya mazingira na ardhi iliyoketi Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi huo hazikupatikana kwa utaratibu wa sheria. Hilo ni somo kubwa linalostahili makala yake.

Kutoka Suswa umeme husambaa kuelekea Nairobi na kwingineko. Kituo cha kitaifa cha kudhibiti gridi, ambacho Kenya Power imekiendesha kwa miaka mingi, kiko katika Barabara ya Juja, barabara ileile inayopita kandokando ya Mathare na Huruma. Ni jambo la kufikirisha kidogo kwamba uamuzi wa nani apate umeme na nani akose umekuwa ukifanywa katika barabara ambayo mkazi wa Huruma huipita kila asubuhi akienda kazini.

Mapigo na farumi

Umeme wa gridi haulimbikizwi kama mahindi ghalani. Unaozalishwa katika sekunde hii hauna budi kutumiwa katika sekunde hiihii. Gridi ya Kenya, kama za majirani zake, hupiga mara 50 kwa sekunde. Watumiaji wakizidi uzalishaji, mapigo hupungua. Uzalishaji ukizidi watumiaji, mapigo huongezeka. Yakishuka kupita mpaka uliowekwa, mitambo huanza kujizima ili isivunjike, na kila unaozima huwaongezea mzigo waliobaki. Hivyo ndivyo nchi nzima inavyoweza kuingia gizani kwa muda mfupi kuliko ule wa kuwasha mshumaa. Kusawazisha gridi ni kazi ya kuyaweka mapigo haya mahali pake, mchana na usiku, bila kupumzika.

Mitambo ya maji, ya mvuke na ya dizeli ina magurudumu mazito yanayozunguka. Pigo likija, uzito wa magurudumu hayo hulipokea kwanza. Gurudumu zito halisimami ghafla. Huendelea kuzunguka na kuipa gridi nafasi ya kupumua kabla msaada haujafika. Mabaharia wa Waswahili walikuwa na kitu cha kazi hiihii katika jahazi. Chombo kisicho na shehena hakikupelekwa baharini kitupu; kilitiwa farumi, yaani mawe au mchanga wa kukipa uzito chini, ili dharuba ikipiga kisipinduke. Farumi haikisukumi chombo mbele wala haileti faida sokoni. Kazi yake huonekana siku ya dharuba.

Mitambo mingi ya kisasa ya upepo huunganishwa na gridi kupitia vifaa vya kielektroniki, na kwa sababu hiyo uzito wa mabawa yake hauisaidii gridi moja kwa moja kama magurudumu ya Gitaru au Olkaria yanavyofanya. Kadiri sehemu ya upepo inavyozidi katika saa fulani, ndivyo farumi ya gridi inavyopungua, isipokuwa ikiwa mitambo hiyo imepangiwa kwa makusudi kusaidia. Jambo hilo linawezekana. Jimbo la Quebec nchini Kanada ni miongoni mwa mahali pa kwanza palipoidai mitambo ya upepo itoe msaada wa aina hiyo.

Kutokana na haya hesabu ya saa huanza kuonekana. Mahitaji ya juu kabisa ya umeme nchini Kenya yalivuka megawati 2,000 mwaka 2021, na kufikia mwaka 2025 yalikuwa yamepita 2,300. Kilele hicho huja jioni, wakati Huruma na mitaa mingine yote inapowasha taa na televisheni kwa pamoja. Usiku wa manane mahitaji hushuka hadi karibu nusu yake. Sasa megawati 300 za upepo dhidi ya 2,300 za jioni ni kiasi cha moja kwa nane. Megawati 300 hizohizo dhidi ya 1,200 za saa tisa usiku ni robo nzima. Upepo ni uleule. Uzito wake katika gridi ndio uliobadilika. Na ni usiku huo, wakati unapohitajika kidogo zaidi, ambapo upepo wa Turkana huwa na nguvu.

Nini hufanywa basi? Njia iliyo bora ni kuyafunga maji. Vituo vya Mto Tana, yaani Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, vinaweza kupunguza uzalishaji usiku, maji yakabaki bwawani yakingoja jioni ya kesho. Upepo unakuwa kama akiba ya maji bila kuwa na bwawa lake. Katika ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023 faida ya jambo hilo haikuwa ndogo. Denmark, inayopata zaidi ya nusu ya umeme wake kutokana na upepo, hutegemea mpango wa aina hiyo kwa kuyatumia mabwawa ya Norway, nchi nyingine kabisa. Kenya nayo imeunganishwa na Uganda kwa miaka mingi, na Ethiopia tangu mwaka 2022, na Tanzania tangu mwisho wa mwaka 2024.

Njia iliyo duni ni kuuacha mvuke wa Olkaria uende hewani usiku kwa kuwa hakuna wa kuutumia. Visima vya mvuke havipendi kufungwa na kufunguliwa kila siku, na mkataba wa upepo unadai malipo hata pale umeme wake unapokataliwa. Kwa hivyo mara nyingi ni mvuke unaoachwa. Mwananchi anayenunua tokeni za shilingi mia moja katika kibanda cha Huruma hana habari kwamba katika saa fulani za usiku nguvu alizolipia zinafuka juu ya Bonde la Ufa. Akiambiwa kwamba umeme nchini ni mwingi usiku na haba jioni, hatashangaa. Anazijua bei za sukumawiki asubuhi na jioni.

Iko njia ya tatu: kuipunguza mitambo ya upepo yenyewe. Mabawa hugeuzwa kidogo ili upepo upite bila kukamatwa, na uzalishaji hushuka upesi kuliko wa mtambo wowote wa mvuke. Hapa upepo, ambao hulaumiwa kwa kuiyumbisha gridi, unakuwa chombo cha kuisawazisha. Ukizuiwa kidogo kabla, unaweza hata kuongezwa pale mapigo yanapoanguka. Gharama yake ni nguvu iliyopotea kwa makusudi, na swali la nani ailipe ni la mkataba kuliko la uhandisi. Nahodha angelielewa mara moja. Anayesafiri na tanga lote wazi hufika mapema, lakini hana akiba ya kumsaidia upepo ukibadilika.

Msongamano

Kusawazisha ni suala la wakati. Msongamano ni suala la mahali. Umeme unaweza kutosha nchini na bado ukakosa njia ya kufika unakohitajika. Mtu wa Nairobi hahitaji kufundishwa hili. Barabara ya Juja saa kumi na mbili jioni ina magari ya kutosha, mafuta ya kutosha na madereva wa kutosha, na bado hakuna anayefika. Laini ya umeme nayo ina kiasi inachoweza kubeba. Ikizidishiwa hupata joto, hulegea, na walinzi wake huikata.

Suswa ndiyo njia panda ya Kenya katika habari hii. Hapo hufika laini ya Loiyangalani. Hapo hufika pia laini ya Ethiopia, ya kilovolti 500, na Olkaria haiko mbali. Tarehe 6 Septemba 2024, saa 2:56 asubuhi, laini ya Loiyangalani ilijikata Suswa ikiwa imebeba megawati 288. Mara ikafuata laini ya Ethiopia, iliyokuwa imebeba 200. Kwa mujibu wa maelezo ya Wizara ya Kawi, gridi ilipoteza megawati 488 kwa wakati mmoja, na sehemu kubwa ya nchi ikaingia gizani. Tukio hili linafundisha zaidi kuliko lile la 2023. Upepo ulikuwa ukivuma vizuri na mitambo ilikuwa mizima. Kilichokosekana ni njia ya pili. Mizigo miwili mikubwa ilikuwa imefungwa kwenye nguzo moja.

Laini ndefu ina tabia nyingine inayohusiana na mabishano ya mwaka 2023. Inapobeba umeme mchache, volteji yake huelekea kupanda katika ncha ya mbali. Inapobeba mwingi, huelekea kushuka. Laini ya zaidi ya kilomita 400 inayotegemea upepo hubadilika baina ya hali hizo mbili mara kwa mara, na huhitaji vifaa maalumu vya kuituliza. Hili halitoshi kumhukumu yeyote kwa yaliyotokea Agosti ile, lakini linaonyesha kwamba kauli mbili zilizopingana zingeweza kuwa na ukweli ndani yake kila moja: mitambo ilijizima kweli, na gridi ilikuwa na sababu ya kuifanya ijizime.

Upande wa magharibi mwa nchi una sura nyingine ya msongamano. Mwishoni mwa mwaka 2025 Rais William Ruto alisema hadharani kwamba baadhi ya maeneo hupunguziwa umeme baina ya saa kumi na moja jioni na saa nne usiku. Hiyo ndiyo saa ya kilele, na ndiyo saa ambayo upepo wa Turkana haujafikia nguvu zake za usiku. Nchi kubwa nazo hazijaepuka jambo hili. Uingereza huvilipa vituo vya upepo vya Scotland visizalishe, kwa kuwa laini za kuelekea kusini hujaa, huku mitambo ya gesi ikilipwa kuzalisha upande wa pili wa mpaka.

Pamoja na haya yote, lazima itajwe kwamba si kila giza la Huruma hutoka Suswa. Lipo giza la gridi na lipo giza la transfoma. Katika mitaa yenye majumba yaliyoongezwa ghorofa juu ya ghorofa, na yenye nyaya za kuunganishiwa kinyemela, transfoma iliyowekewa familia chache huhudumia nyingi mno, nayo huungua. Hata upepo wa Loiyangalani ukiongezwa mara mbili, transfoma hiyo haitapata nafuu. Huu nao ni msongamano, ila uko mwisho wa njia. Mkazi akiitwa kwenye mkutano wa hadhara na kuambiwa kwamba upepo ndio ulioleta giza, au kwamba mitambo mipya ya upepo italiondoa, anahitaji kwanza kuuliza ni giza lipi linalozungumziwa. Njia rahisi ya kulijua iko dirishani kwake: je, Kariobangi na Eastleigh nako kumezimika?

Istilahi

Utaratibu unaofunzwa katika vyuo vya Afrika Mashariki huelekeza kwamba istilahi itafutwe kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe, pamoja na lahaja zake, kabla ya kukopa nje. Mara nyingi utaratibu huu hutajwa na kisha kupuuzwa.

Chukua dhana ya marudio ya umeme kwa sekunde. Neno linalotumiwa sana ni masafa, ambalo limezoeleka katika redio. Lakini masafa pia ni umbali, na maana hiyo ndiyo kongwe na ndiyo inayojulikana zaidi mtaani. Sentensi isemayo kwamba "masafa ya laini ya Loiyangalani yalibadilika" inaweza kueleweka kuwa laini imerefushwa. Katika somo ambalo umbali na marudio vyote viwili ni muhimu, neno moja haliwezi kuvibeba. Mapigo yanafaa zaidi: yana maana ya kurudiarudia, yana mfano wa moyo, na mtu yeyote aliyewahi kupimwa kliniki anajua kwamba yakishuka au yakipanda sana kuna hatari.

Farumi imependekezwa hapa kwa uzito unaoituliza gridi. Pingamizi linajulikana: kijana wa Huruma hajawahi kuliona jahazi, sembuse mawe yaliyo chini yake. Pingamizi hilo lina nguvu, lakini linasahau historia ya neno ambalo kijana huyo hulitumia kila siku. Stima ilikuwa meli ya mvuke kabla ya kuwa umeme. Ilitoka baharini ikapanda hadi bara, na Nairobi ikaifanya yake kiasi kwamba mwenyeji wa Huruma husema "stima imepotea" bila kuwaza chombo chochote cha majini. Hata "kukatwa stimu", msemo wa vijana kwa mtu aliyevunjwa matumaini, unasikika kama jamaa wa neno hilohilo, uwe una undugu nalo au la. Kama stima iliweza kufika Huruma, farumi nayo inaweza.

Kuizuia mitambo ya upepo kwa makusudi kunaweza kuitwa kupunguza tanga, na nguvu zinazoachwa zikaitwa upepo ulioachwa. Akiba haihitaji kubuniwa. Inahitaji tu kusemwa kama ni akiba iliyo tayari au iliyolala. Msongamano nao umekwisha kukubalika barabarani, na kuutumia katika laini ni kupanua maana tu.

Neno gumu ni mgao. Tanzania imelizoea kwa miaka mingi katika habari za umeme, na Kenya iliujua mgao wenyewe katika ukame wa mwaka 2000. Uzuri wa neno hili ni kwamba ndani yake mna kitenzi gawa. Palipo na mgao pana mgawaji, pana mgawiwa, na pana swali la usawa: nani amekatiwa, kwa saa ngapi, na je, kesho ni zamu ya mtaa mwingine? "Kukatizwa kwa huduma" hakuna swali hilo, kwa kuwa kitenzi chenyewe kiko katika kauli ya kutendwa na mtendaji hayupo. Mwanafunzi wa sarufi anaweza kuona hapa kwamba kauli ya kutendwa nayo ina siasa yake.

Ilani ya mfano

Ili kupima kama istilahi hizi zinaweza kufanya kazi, makala yanatoa hapa ilani ya kubuni juu ya tukio la 6 Septemba 2024, kama ambavyo ingeweza kuandikwa kwa wakazi:

"Leo saa 2:56 asubuhi laini iletayo umeme wa upepo kutoka Loiyangalani ilijikata Suswa. Ilikuwa imebeba megawati 288. Muda mfupi baadaye laini ya Ethiopia, iliyobeba megawati 200, nayo ikajikata. Mapigo ya gridi yalishuka, na akiba iliyokuwa tayari haikutosha kuyarudisha. Mitambo mingine ilijizima ili isiharibike. Umeme utarudishwa kwa zamu, tukianza na hospitali na pampu za maji."

Ilani hii ina sentensi sita na haina neno moja la Kiingereza. Sentensi ya nne ndiyo yenye uzito kuliko zote. Msomaji wake anaweza kuuliza ni akiba kiasi gani iliyokuwa tayari asubuhi ile, nani aliyeamua kwamba inatosha, na kwa nini laini mbili zenye kubeba karibu megawati 500 zilitegemea kituo kimoja. Maswali hayo yanaweza kupelekwa kwa mdhibiti wa kawi, bungeni, au katika mkutano wa chifu pale Huruma, na yanaweza kujibiwa kwa tarakimu. Neno "hitilafu" lingeyazima kabla hayajazaliwa.

Kazi iliyosalia ni ya kuyapeleka maneno haya kwa watu wa aina mbili ambao mara chache hukutana: wahandisi wa Barabara ya Juja, waseme kama farumi na mapigo yanazibeba dhana zao bila kuzipotosha, na wapangaji wa majumba yaliyo hatua chache kutoka hapo, waseme kama wamezielewa. Utafiti wa namna hiyo hauhitaji gharama kubwa. Unaweza kufanywa na kikundi cha wanafunzi wachache kwa muhula mmoja, kwa hojaji iliyo kwa Kiswahili na nauli ya matatu.